Kuitazama Osiloskopu kwa Kioo cha Kunyolea

Mashine ile ilikausha wanaume. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyoamini bila chembe ya shaka. Mwanamume akikaa mbele ya dirisha lake la kijani, mwanga ule ulipenya nguo, ukapenya ngozi, ukafika mahali pasipotajwa mbele ya wazee, ukazima kila kitu. Baada ya hapo angeweza kulima, kuimba kwaya na kuota ndevu kama kawaida, lakini mtoto asingepata, hata wa kusingiziwa. Ushahidi ulikuwepo. Walimu watatu ndio waliokuwa wameitumia mashine hiyo kwa miaka mingi, wote watu wazima wenye afya na mashavu mekundu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto.

Mashine yenyewe iliitwa osiloskopu. Sisi tuliiita skopu, kwa kuwa tulikuwa watu wa shule ya jioni na hatukuwa na muda wa kupoteza kwenye majina marefu. Ilikuwa katika karakana ya misheni nje kidogo ya mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ilikuwa na ukubwa wa sanduku la bibi harusi na uzito wa bibi harusi mwenyewe akiwa ndani yake. Ndani ilikuwa na vali, zile taa za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza, si transista, kwa hiyo ukiiwasha ulingoja. Ungeweza kuchemsha chai, ukanywa, ukaosha kikombe, ndipo kitone cha kijani kijitokeze.

Habari ya kukauka nilipewa na mwanafunzi mwenzangu, fundi wa baiskeli kutoka Nyacheki, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ya mahakama. Tulikuwa tumekaa nje ya karakana tukingoja mwalimu afungue mlango.

"Umewahi kuona mtoto wa mwalimu hapa?" akaniuliza.

"Sijaona."

"Nepi imeanikwa kwenye kamba?"

"Sijaona."

"Mke?"

"Labda wake zao wako Ulaya."

"Mke gani akubali kuachwa Ulaya? Walirudi kwao baada ya kungoja mimba wakachoka. Ni hiyo skopu, kaka. Wote watatu."

"Na wewe mbona unaitumia?"

"Mimi nina watoto sita. Nikikauka leo, mke wangu atafanya sherehe."

Niliamini kwa sababu sikuwa na mahali pa kuegemeza shaka. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyamira, na sisi ni Wasabato kuanzia babu. Mchungaji wetu alikuwa na watoto wa kujaza benchi mbili za kanisa. Wazee wa kanisa walikuwa na watoto, shemasi alikuwa na watoto, na hata mlevi wa kijiji, ambaye hakuwa na kitu kingine chochote, alikuwa nao. Mwanamume mzima asiye na mke alikuwa kitu ambacho sikuwa nimekiona, sawa na tembo. Niliposema nataka kusoma kwa Wakatoliki, baba aliwaza siku nzima, kisha akakubali kwa maneno machache. "Kasome umeme wao," alisema. "Dini yao waachie. Na nguruwe wao waachie." Kwa hiyo niliingia pale nikiwa nimekatazwa kuuliza swali lolote lisilohusu umeme, na nilitii. Nilijua zaidi habari za transfoma zao kuliko habari zao.

Mchana nilifanya kazi kwenye mashine ya posho mjini, nikisaga mahindi ya nusu ya wilaya. Saa kumi na moja jioni nilijipangusa unga na kukimbia darasani. Sikuwahi kupanguka vizuri. Mwalimu mmoja alisema kwamba katika karakana yote mimi ndiye Mzungu kamili, wao walikuwa wamechubuka tu.

Mwalimu wetu wa umeme alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kaptura ya kaki na buti za mkulima. Kiswahili chake alikuwa amekiokota Tanganyika kabla ya kuja kwetu, na kilikuwa safi kuliko chetu sote. Tulipokosea ngeli alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Lakini alijua kueleza. Alituambia kwamba umeme hauonekani, na kwamba mtu anayetengeneza kitu kisichoonekana kwa kubahatisha si fundi, ni mganga. Skopu, alisema, ni macho. Kuna kitone cha mwanga kinachosafiri kutoka kushoto kwenda kulia, kikifika mwisho kinaruka nyuma na kuanza tena, upesi mno hata ukadhani ni mstari. Ukigusa sehemu ya redio kwa waya wa kupimia, umeme wa pale unakisukuma kitone juu na chini wakati kikisafiri. Juu na chini ni nguvu ya umeme. Kushoto kwenda kulia ni muda. Basi.

Siku ya kwanza alipogusisha waya kwenye transfoma iliyounganishwa na umeme wa kawaida, mstari ulijikunja ukawa vilima, kilima na bonde, kilima na bonde, laini na sawasawa. Fundi baiskeli alisema ni barabara ya kwenda Marani bila matope. Nilikuwa nimesaga mahindi kwa injini na mikanda kwa miaka, kelele tupu, na hapa palikuwa na nguvu inayofanya kazi kimya, tena yenye umbo. Nikisema nililia nitakuwa nimetia chumvi. Nikisema sikulia pia.

Kisha nikaambiwa ile habari ya kukauka, na furaha ikaingiwa na mchanga.

Suluhisho langu lilikuwa la kisayansi. Nilichukua sinia la bati ambalo mama alinipa nilipohamia mjini, nikalifunga kwa kamba chini ya aproni, kuanzia kitovuni hadi mapajani. Nilitembea kama mtu aliyemeza mlango. Lakini sinia halikunitosha, kwa kuwa nilifikiri mwanga unaweza kuingia kwa macho na kushuka wenyewe. Ndipo nikanunua kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Nilikisimamisha juu ya benchi mbele yangu, nikaigeuzia skopu mgongo, nikalisoma dirisha lake ndani ya kioo. Nilijua kwamba mwanga ukigonga kioo unarudi, na nilijiambia kwamba ukirudi unakuwa umechoka.

Nilipewa benchi la pembeni, mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi wa kuzungukia, na kioo kilijificha nyuma ya kasha la redio. Vilima vya umeme wa kawaida, ukivitazama kwenye kioo, ni vilevile. Kulia na kushoto havina tofauti. Mistari ya pembe mraba nayo ni vilevile. Nilipima, nikachora, nikasahihishiwa, nikapata alama nzuri kuliko fundi baiskeli aliyekuwa akilikodolea macho dirisha kama mtu aliyejitolea mhanga.

Sasa, upande wa Marani kulikuwa na msichana. Habari zake nyingine si za kuandikwa hapa, ila kwamba tulikuwa tumekubaliana, wazazi walikuwa wamekutana, na ng'ombe walikuwa wametajwa mmoja mmoja kwa rangi. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa mwenye migomba mirefu na sharti moja. Alisema viwanda vya majani chai vinajengwa kila mahali, na yeye anataka mkwe anayejua umeme, si mkwe mwenye unga masikioni. Kwa hiyo shule ile ya jioni ndiyo iliyokuwa inanipa mke. Bila cheti hakuna harusi.

Lakini soko la Marani halina mlango, na habari ya skopu ilifika kule kabla ya mvua. Baba wa msichana akatuma ujumbe kwamba ng'ombe wangoje kidogo, njia zina matope. Ilikuwa Januari. Vumbi lilikuwa likipanda hadi magotini.

Hakuweza kusema zaidi. Kwetu Gusii kuna heshima iitwayo chinsoni, ambayo inamzuia mtu kutaja mambo ya chumbani mbele ya mkwe wake au mtoto wake, na mkwe naye vilevile. Baba wa msichana asingeweza kuniuliza kama nimekauka, hata nyumba ikiungua. Na mimi nisingeweza kumwambia bado nina majimaji. Tungeweza kuzeeka hivyo, tukitumiana salamu za matope. Ila heshima hiyo inaruka kizazi. Bibi na mjukuu wanataniana watakavyo, na bibi anaweza kusema lolote. Basi yule mzee akamtuma mama yake mzazi.

Nyanya alikuja kwenye mashine ya posho na kikapu cha mahindi kichwani, kana kwamba Marani hawasagi. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu. Injini ilikuwa ikinguruma. Akaja hadi mbele bila kungoja zamu, akanivuta sikio, akaanza kupiga kelele ili asikike.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo nyanya wanavyowaita wachumba wa wajukuu zao, "nimetumwa."

"Karibu, nyanya. Umetumwa nini?"

"Nini?"

"Nimesema umetumwa nini?"

Hapo ukanda ukateleza, injini ikazima, na nyanya, ambaye tayari alikuwa amevuta pumzi, akalimwaga swali katika ukimya wa kinu chote.

"Wanataka kujua kama bado una mbegu."

Wanawake wa foleni waliinama wote kwa pamoja kuangalia mahindi yao. Mmoja alikohoa hadi akalazimika kutoka nje. Nilijishughulisha na ukanda kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Nyanya, tuzungumze nje."

"Nje kuna jua. Hapa hapa pazuri, hawa ni mama zako. Sikiliza. Mimi sijali maneno ya soko. Soko lilisema mimi nimekufa, na hii ndiyo maiti yenyewe imekuja kusaga. Lakini mwanangu analala vibaya. Wewe ukioa mjukuu wangu na nyumba ibaki baridi, nani atasemwa? Wewe?"

"Ni yeye."

"Ni yeye. Watasema ni mgumba, na wewe utakaa hapa unasaga. Kwa hiyo Alhamisi nitakuja huko kwenye mashine yenu. Nitamwuliza mwalimu wako mwenyewe. Akiwa na mtoto hata mmoja, hata kilema, ng'ombe watembee. Akiwa hana, uchague. Uache hiyo mashine au utuache sisi."

"Na nikiiacha mashine, cheti nitapata wapi? Mzee anataka cheti."

"Hayo ni yenu wanaume," alisema. "Nisagie laini. Meno yangu si yale ya mwaka jana."

Nilisaga laini. Sikuwa na la kufanya zaidi, kwa sababu jibu la mwalimu nilikuwa nalijua tayari. Hakuwa na mtoto. Nikibaki na skopu, nimemkosa msichana. Nikiiacha, sina cheti, nimemkosa vilevile.

Alhamisi nilifika mapema, sinia tumboni, kioo mfukoni. Mwalimu aliniwekea benchini amplifaya ya spika ya nje iliyokuwa ikitoa mngurumo, mmm, mfululizo, chini ya kila neno. Alisema mngurumo ule unatoka kwenye sehemu inayogeuza umeme wa vilima kuwa umeme ulionyooka, sehemu yenye kapasita, kitu kinachotunza umeme kwa muda. Kazi yangu ilikuwa kuweka waya wa kupimia pale, kuchora ninachokiona, na kusema tatizo ni nini. Hilo ndilo lilikuwa jaribio langu la mwisho kabla ya cheti.

Niligeuka, nikaweka kioo, nikatazama. Mahali ambapo mstari ungepaswa kuwa karibu umenyooka palikuwa na meno makubwa ya msumeno. Nilichora kwa uangalifu mkubwa. Kila jino lilipanda polepole kama mzee anayepanda mlima kwenda kanisani, kisha likaanguka ghafla. Nikaandika chini yake kwamba kapasita imechoka, ibadilishwe. Nikampelekea mwalimu.

Alitazama mchoro. Akaugeuza, akautazama tena.

"Jibu ni sahihi," alisema. "Mchoro si sahihi."

"Ndivyo nilivyoona, mwalimu."

"Haiwezekani. Kapasita ni kama debe la maji. Linajazwa kwa pigo moja, upesi, halafu linatumika kidogo kidogo mpaka pigo linalofuata. Mstari unapanda ghafla, unashuka polepole. Wewe umechora debe linalojaa kidogo kidogo na kumwagika lote kwa mara moja. Kwako wewe, kijana, muda unarudi nyuma."

"Labda skopu imeharibika."

"Twende tuone."

Alikuja hadi benchini kwangu. Alitazama dirisha, akaona jino linapanda ghafla na kushuka polepole, kama alivyosema. Akanitazama. Akaona kioo. Akainama nyuma yangu, akaweka uso wake mahali ambapo uso wangu huwa, akatazama ndani ya kioo, na kule meno yalikuwa yamegeuka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu muhula uliopita."

"Na vilima vyote ulivyochora, ulivichora hivi?"

"Ndiyo, mwalimu. Vilima havina kulia."

"Kweli havina," alisema, na nadhani lilimpendeza kidogo. "Lakini kwa nini?"

Sikuweza kusema. Alikuwa na umri wa baba yangu, na kwangu mimi chinsoni haikuuliza rangi ya mtu. Nikasema macho yananiuma. Alinyoosha mkono kunishika bega, kiwiko chake kikagonga tumbo langu, na tumbo likalia kama kengele ya shule. Fundi baiskeli aliweka bisibisi chini taratibu.

"Na tumbo nalo linakuuma?" mwalimu aliuliza.

Wakati huohuo nyanya akabisha mlangoni na kuingia bila kungoja, kikapu mkononi, shuka jipya begani, akaizunguka skopu mara moja kwa mbali kama mtu anayemkagua dume la kununua.

"Ndiyo hii?" aliniuliza kwa Ekegusii.

"Ndiyo hii."

"Ndogo. Nilidhani itakuwa kama lori. Mwambie mzungu ninamsalimu, kisha umwulize ana watoto wangapi, na wenzake wana wangapi."

Nilimgeukia mwalimu. "Anakusalimu," nilisema kwa Kiswahili, "na anauliza kama mashine hii inakula umeme mwingi."

"Kidogo tu," mwalimu alisema. "Mwambie karibu."

"Anasema karibu," nilimwambia nyanya. "Anasema ni kidogo tu."

"Watoto kidogo?" Nyanya alinitazama kwa jicho moja. "Mume wangu, mimi nauza ndizi kwa watu wa ziwani kwa Kiswahili tangu baba yako ananyonya. Sikuuliza umeme." Akanisukuma kando kwa kikapu. "Wewe mwalimu. Wewe iko watoto ngapi?"

Mwalimu alifumba macho kwa ajili ya ngeli, kisha akayafumbua. "Sina, mama."

"Ule mwenzako mnene?"

"Hana."

"Na ule ya masikio?"

"Naye hana."

Nyanya alinigeukia. Hakuwa na utani tena usoni. "Umesikia mwenyewe," alisema kwa upole, na hilo lilikuwa baya kuliko kuvutwa sikio. Akaweka shuka lake sawa, akaanza kwenda mlangoni.

"Kwa nini anaondoka?" mwalimu aliniuliza. "Nimemkosea?"

Nilimtazama nyanya akiondoka, kana kwamba amembeba mchumba wangu ndani ya kikapu chake, na chinsoni ikanishinda kushikilia. Nilimwambia mwalimu yote, haraka, nikiwa nimeangalia sakafu. Walimu watatu, mwanga wa kijani, kukauka, sinia, kioo, ng'ombe wanaongoja matope ya Januari. Nilipomaliza hakucheka. Nimefikiri juu ya hilo mara nyingi, maana mimi ningecheka hadi nikaanguka.

"Mama," aliita. "Tafadhali rudi, uketi."

Nyanya alirudi, lakini hakuketi.

"Sina watoto kwa sababu sina mke," mwalimu alisema. "Na sina mke kwa sababu mimi ni mtawa. Wenzangu pia. Tuliapa mbele ya Mungu tukiwa vijana kwamba hatutaoa. Wakati huo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona mashine hii."

"Mliapa wenyewe? Hakuna mtu aliwalazimisha?"

"Wenyewe."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Nyanya aliweka kikapu chini. Akanitazama kuanzia unga wa nywele hadi sinia. "Na huyu yetu, yeye ameapa?"

"Hajaapa kitu. Hata si Mkatoliki."

"Basi nitamwambia mwanangu matope yamekauka," alisema. Kisha akaionyesha skopu kwa kidevu. "Na hii sasa inafanya nini kwa mwanaume?"

"Haimfanyi kitu, mama. Inapima umeme tu."

Nilifungua kamba ya sinia, nikaliweka benchini, nikaigeukia skopu uso kwa uso, nikaanza kuchora meno upya.